Kifusi Juu ya Barafu: Istilahi za Mambo Yasiyoonekana Pwani

Mfasiri wa vitabu vya jiografia aghalabu hakwami penye maneno magumu, kwa kuwa maneno magumu humpeleka kwenye kamusi. Hukwama penye neno jepesi. Liko neno moja la Kiingereza litumikalo kwa mawe, kokoto, mchanga, majivu na vumbi, yaani kwa kila kitu kilichoangukia barafu ya milimani, au kilichopeperushwa juu yake, au kinachobebwa nayo. Wengi wetu tukilikuta neno hilo huligeuza kuwa "uchafu" au "takataka" na kuendelea na kazi. Matokeo yake ni kwamba ukurasa mmoja hutokea ukisema kuwa barafu yenye uchafu huyeyuka polepole, na ukurasa wa pili, wa kitabu hicho hicho, husema kuwa uchafu huharakisha kuyeyuka kwa barafu. Mwanafunzi mwenye akili atauliza lipi ni la kweli. Yote mawili ni kweli, ila tafsiri imeyafanya yaonekane kama uongo.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi vitu hivyo vinavyouchonga uso wa barafu na theluji, kisha kupendekeza maneno ya kuvitajia. Huenda msomaji akastaajabu kwamba jambo hili linaandikwa kutoka Mtwara, mahali ambapo barafu ni ya kupozea samaki na theluji ni ya kwenye picha. Kutoka hapa hadi Kilimanjaro, hata kwa kukata moja kwa moja, ni zaidi ya kilometa 800. Lakini sisi twaona kwamba istilahi za namna hii zafaa zipimwe hapa hasa. Mwalimu wa Moshi akikosea neno, asubuhi yenye anga safi aweza kuwatoa wanafunzi nje na kuwaonyesha mlima kwa kidole. Mwalimu wa Msimbati, au wa kijiji kilicho kando ya maingilio ya mto Ruvuma, hana mlima wa kuonyesha. Ana neno tu, na neno likiwa bovu, somo lote limekwenda.

Tuanze na maneno mawili tuliyo nayo tayari, maana historia yake inafundisha. "Theluji" imetoka katika Kiarabu, na "barafu" imetujia kutoka Kiajemi, ama moja kwa moja ama kwa kupitia Bara Hindi. Kwa Waajemi neno hilo ni theluji hasa, na kitu kigumu tukiitacho sisi barafu wao wana neno jingine kabisa. Kwa hiyo pwani yetu ilipokea maneno mawili ya kitu kimoja, ikayagawia kazi: theluji ikawa ile laini inayoanguka kutoka mawinguni, barafu ikawa maji yaliyoganda yakawa magumu. Ugawaji huo ulifanywa na watu ambao wengi wao hawakupata kuiona theluji hata siku moja. Tuna na "mvua ya mawe", ambayo haina jiwe hata moja ndani yake na haimtatizi mtu yeyote. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann alipoona weupe juu ya Kilimanjaro, aliandika kwamba kiongozi wake aliuita weupe ule "baridi" tu. Wako wenye elimu huko London, William Desborough Cooley akiwa mmoja wao, waliokataa kwa miaka mingi kuamini kwamba karibu na ikweta paweza kuwa na theluji. Yule kiongozi hakuwa na jina la kitu chenyewe, lakini alitaja tabia yake kwa usahihi, na kwa maoni yetu alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wale waliokuwa na jina wakakikana kitu.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Wauza samaki wa Mtwara na Mikindani wanajua kwamba bonge la barafu likifunikwa kwa magunia, au kwa maranda ya mbao, au kwa pumba za mpunga, hudumu. Mwenye kulifunika vizuri asubuhi hulikuta bado jioni. Lakini mwalimu achukue bonge lile lile, aliweke juani bila kifuniko, kisha anyunyize juu yake unga mdogo tu wa mkaa, kiasi cha kuutia weusi uso. Baada ya muda ataona kila punje ya mkaa imejichimbia kishimo chake. Juu ya bonge jingine aweke jiwe bapa, nene kama kiganja. Barafu inayolizunguka jiwe itashuka, na ile iliyo chini ya jiwe itabaki imesimama, hata jiwe lionekane limeinuliwa. Vitu vyote viwili, mkaa na jiwe, Kiingereza kingeviita kwa neno lile moja. Kimoja kimeila barafu, kingine kimeilinda.

Sababu yake ni hii. Theluji mpya ni nyeupe sana, nayo hurudisha angani asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua unaoipiga. Kitu cheusi hunywa mwanga huo na kupata moto. Kikiwa chembamba, joto lake hupita mara moja na kufika kwenye barafu iliyo chini, nayo huyeyuka upesi kuliko ingekuwa wazi. Kikiwa kinene, joto hulazimika kusafiri ndani yake, na kabla halijafika chini jua limekwisha kutua na usiku umelirudisha angani. Mwaka 1959 Gunnar Østrem alitangaza vipimo alivyovifanya Uswidi vilivyoonyesha mpaka kati ya hali hizo mbili. Tabaka la milimeta chache huongeza kuyeyuka. Likizidi sentimeta chache hupunguza, na kila linavyozidi unene ndivyo linavyozidi kulinda. Mpaka huo hubadilika kidogo kutoka mlima mmoja hadi mwingine, kufuatana na rangi ya mawe, unyevu wake na hali ya hewa, lakini haukosekani. Huko Pakistan, katika milima ya Karakoram, barafu kubwa ya Baltoro yenye urefu wa kilometa zaidi ya 60 imefunikwa kwa mawe katika sehemu zake za chini, hata mgeni aweza kutembea akidhani yuko juu ya nchi kavu.

Basi hapa ndipo ilipo hoja yetu. Kiswahili hakihitaji neno moja la kufunika yote hayo. Kinahitaji maneno mawili, na bahati njema kinayo. Kwa lile tabaka jembamba tuseme "vumbi". Kwa lile nene, la mawe, kokoto na udongo uliochanganyika, tuseme "kifusi". Kila mtu aliyepata kuona nyumba iliyobomoka, au barabara inayoshindiliwa, anajua kifusi ni nini: ni kitu kizito, kimechanganyika, kina kimo, na hufukia kilicho chini yake. Neno lenyewe lina ufukiaji ndani yake. Tukisema "barafu iliyofukiwa na kifusi", msikilizaji wa Mtwara asiyepata kuuona mlima wowote ataelewa mara moja kwa nini jua haliifikii. "Uchafu" hauwezi kumpa maana hiyo. Uchafu ni hukumu. Humwambia mtu kwamba kitu hiki ni kibaya na kilipaswa kuondolewa, ilhali kifusi mara nyingi ndicho kinachoihifadhi barafu iliyo chini yake kwa miaka mingi.

Yako maumbo yanayotokana na tofauti hiyo, nayo yanataka majina. La kwanza ni lile jiwe kubwa bapa lililobaki juu ya nguzo ya barafu. Wazungu waliliita meza, na mfasiri atashawishika kuwafuata. Sisi twapendelea "kinara cha barafu" kwa ile nguzo, na "jiwe la kinara" kwa jiwe lililo juu yake. Meza ina miguu minne na watu huizunguka kula. Kinara kina shina moja na kazi yake ni kubeba kitu juu. Kinara hicho hakidumu. Katika milima ya Alps, ambako jua la mchana hupiga kutoka kusini, upande wa kusini wa nguzo hulika zaidi, jiwe huinama upande huo, mwishowe huteleza na kuanguka, kisha huanza kujijengea kinara kipya pale lilipoangukia.

La pili ni kilima kidogo chenye ncha, ambacho kwa nje ni mchanga mtupu, na ukikichimba kwa kisigino unakuta mchanga ni wa sentimeta chache tu na vyote vilivyobaki ni barafu. Vingine havifiki goti na vingine humpita mtu kimo. Asili yake ni ya ajabu kidogo. Maji yayeyukayo hukusanya mchanga katika bonde dogo juu ya barafu. Mchanga huo hulilinda bonde, barafu ya kando hushuka, na baada ya muda pale palipokuwa shimo pamekuwa kilima. Jina tunalolipendekeza ni "kichuguu cha barafu". Hatuchekeshi. Katika uwanda wa Wamakonde, na katika sehemu nyingi za nchi hii, mtoto anajua kwamba kichuguu ni udongo kwa nje na kitu kingine ndani, na kwamba mtu hawezi kujua kilichomo mpaka avunje.

La tatu ni kinyume cha hayo mawili. Punje za vumbi huvutana zikawa donge dogo, donge likapata joto, likazama likichimba tundu la duara lililonyooka, lenye maji ndani na vumbi chini kabisa. Mpelelezi wa Sweden, A. E. Nordenskiöld, aliyaona matundu hayo huko Greenland mwaka 1870 na kuliita vumbi lenyewe kriokoniti, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya baridi ya barafu na vumbi. Humo huishi viumbe vidogo sana ambavyo vyenyewe huzidisha weusi. Tundu halizami bila kikomo, kwa kuwa kadiri linavyokwenda chini ndivyo mwanga unavyopungua kulifikia. Tunapendekeza "kisima cha vumbi". Tulipata kufikiria "tundu la kaa", kwa sababu ufuko wa Msimbati maji yanapokupwa una matundu ya namna hiyo yasiyohesabika, lakini tundu la kaa huchimbwa na mwenyewe, naye huingia na kutoka. Vumbi huingia tu.

Mfano huo unatupa nafasi ya kuwatahadharisha walimu. Pwani ina mifano mingi inayofanana na mambo haya kwa sura lakini isiyofanana nayo kwa chanzo. Katika shamba lililo wazi baada ya mvua kubwa, chini ya kila kijiwe au kigae husimama kijiguzo cha udongo, mfano kamili wa kinara cha barafu. Ufukweni, nyuma ya kila kombe, upepo au maji huacha mkia wa mchanga. Mwalimu na avitumie vitu hivyo, tena bila kusita, ila aseme wazi kwamba kijiwe cha shambani kimeukinga udongo na matone ya mvua, na jiwe la mlimani limeikinga barafu na joto. Umbo ni moja, adui ni wawili. Asiposema hivyo, wanafunzi wataandika kwenye mitihani kwamba mvua ndiyo ichongayo barafu.

Limebaki neno zito zaidi, nalo ni "kuyeyuka" lenyewe. Tumelitumia katika makala haya kwa kuwa ndilo lililozoeleka, lakini juu ya Kibo neno hilo halitoshi. Pale juu, karibu na kimo cha meta 5,895, hewa ni kavu na baridi, na sehemu kubwa ya barafu hupotea kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila kupitia hali ya maji. Njia hiyo hutaka joto jingi, takriban mara 8 ya lile litakiwalo kuyeyusha barafu ya uzito ule ule. Mfasiri anayeandika kwamba barafu ya Kilimanjaro "inayeyuka" amesema nusu ya jambo. Wataalamu wana neno moja linalojumlisha njia zote za upotevu, nasi tunalo, tena ni la pwani: "kulika". Ufuko hulika, kisu hulika, jiwe la kunolea hulika. Hakuna aulizaye kama ufuko umelika kwa wimbi au kwa mkondo. Kinachotajwa ni kwamba kilichokuwapo kimepungua kutoka usoni. Kwa hiyo tuseme "barafu hulika", na jina la tendo liwe "ulikaji", kisha tubakize "kuyeyuka" kwa yale maji yanayoonekana yakitiririka.

Jambo hili si la wafasiri peke yao. Wataalamu waliolinganisha ramani na picha wamekadiria kwamba asilimia 85 hivi ya barafu iliyokuwapo Kilimanjaro mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kufikia mwaka 2007, na upungufu umeendelea tangu hapo. Sababu ni nyingi na zimefungamana, zikiwamo kupanda kwa joto, ukavu wa hewa na uhaba wa theluji mpya ya kuifunika ile ya zamani. Vumbi ni sehemu moja tu ya hadithi hiyo, nasi tusilitwike zaidi ya linavyostahili. Hata hivyo, theluji mpya ikikosekana, majivu ya volkano na vumbi vilivyokuwa vimefichika ndani ya barafu hujitokeza usoni, weupe hupungua, na ulikaji huongezeka. Vumbi hilo lina na faida yake kwa mwanahistoria. Mwaka 2000 watafiti walioongozwa na Lonnie Thompson walitoboa barafu ya Kibo na kukuta ndani yake tabaka la vumbi ambalo walilikadiria kuwa la miaka 4,000 hivi iliyopita, wakalihusisha na ukame mkubwa. Kwa afisa anayeandika taarifa kwa Kiswahili, tofauti kati ya "barafu imeyeyuka" na "barafu imelika" si mapambo. Ya kwanza humfanya msomaji atafute maji mtoni. Ya pili haimwahidi maji.

Kuhusu barafu yenyewe inayokaa mlimani mwaka hata mwaka, maneno mawili yanashindana: "mto wa barafu" na "barafuto". La kwanza linaeleweka upesi, lakini linaeleweka vibaya. Mtu wa hapa akisikia mto huwaza Ruvuma, ambao hubeba mchanga hadi baharini na kuyahamisha mafungu yake kila baada ya masika. Sehemu kubwa ya barafu iliyobaki kileleni Kibo haifanani na mto kwa lolote; imekaa juu ya uwanda wa majivu kama ukuta, na kando zake zimekatika wima. Twaipendelea "barafuto". Mto umo ndani yake, lakini haupigi kelele.

Neno "moreni" halina matata makubwa, ila lina hila moja. Katika lugha za Ulaya neno hilo hutaja mara mawe yenyewe, mara kilima kirefu ambacho mawe hayo huacha barafuto inaporudi nyuma. Kiswahili kinaweza kuwa wazi zaidi ya hapo. Mawe ni kifusi, na kilima ni "tuta la kifusi". Matuta hayo yako Kilimanjaro, na yako katika bonde la Teleki katika Mlima Kenya, chini kabisa ya mahali ambapo barafuto ya Lewis iliishia katika karne zetu. Mkulima wa viazi aweza kulielewa tuta bila picha.

Umbo la mwisho halitokani na kifusi, lakini hufundishwa pamoja na hayo na hupotosha tafsiri nyingi. Ni theluji iliyosimama kama vyembe virefu, safu kwa safu, iliyochongwa na jua mahali penye hewa kavu sana. Charles Darwin aliiona alipovuka milima ya Andes mwaka 1835, na Kilimanjaro nayo imepata kuwa nayo. Waspania waliiita kwa jina la watubiaji, kwa kufikiria watu waliovaa kofia ndefu katika maandamano ya dini. Kuitafsiri kwa "watubiaji" ni kumlazimisha mtoto wa Mtwara ajifunze kwanza sherehe za Hispania. Akienda kwenye tope la maingilio ya Ruvuma maji yakipwa, ataona chini ya michu na milalana mizizi iliyochomoza juu, wima, maelfu kwa maelfu, kama imepandwa. Sura ndiyo hiyo. Sisi twasema "miiba ya theluji", na mwalimu alinganishe na mizizi hiyo kwa mdomo. Vumbi jembamba likiwapo laweza kuiharakisha miiba hiyo kuota. Likizidi kuwa nene, huizuia.

Kifusi kikitoka katika barafu kikachukuliwa na maji, kibadilishwe jina pale pale: ni "mashapo", kama vile tusemavyo tayari kuhusu mchanga na tope la Ruvuma. Kikitoka kwa kuanguka, yafaa kuitwa "maporomoko ya kifusi", wala tusiseme "barafu imeanguka". Mwezi Januari 1906 hakukuwa na mtu wa kuandika juu ya jambo kama hilo, lakini Januari 2006 mawe yaliporomoka upande wa magharibi wa Kibo, katika njia ya wapandaji, yakaua Wamarekani watatu. Mawe yanayoshikwa na barafu hubaki mahali pake maadamu barafu ipo. Barafu ikilika, hakuna kinachoyashika. Tangazo la tahadhari likisema "uchafu waweza kuanguka", hakuna mpagazi atakayeinua macho.

Ama "uchafu" na "takataka", tusiyatupe. Yabakizwe kwa makopo, chupa na plastiki ambazo wapandaji huziacha njiani, maana navyo viko mlimani na navyo huandikiwa taarifa. Afisa wa hifadhi akisoma kwamba "takataka zimeondolewa katika barafuto", ajue bila kuuliza kwamba waliotumwa walibeba magunia, na kwamba mawe yameachwa pale yalipokuwa.